Hodi Zilizozuia Sabuni Yangu Kuganda

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Leo kaeni hivyo hivyo, msiniinukie, maana salamu ndizo zilizonifikisha hapa mbele kushuhudia.

Mnamjua mwanangu Esta. Ngozi yake ilikuwa ikipasuka. Sabuni ya dukani ikimgusa tu analia, mpaka majirani pale Likombe wanauliza namchapa kwa nini. Dada mmoja wa Shangani akanipa kipande cha sabuni aliyotengeneza mwenyewe, ya mafuta ya nazi na majani ya mwarobaini. Esta akaogea bila kulia. Kipande kikaisha, nikaenda kwa yule dada anifundishe.

Ndugu zangu, nilitaabika! Sabuni ile ukishachanganya mafuta na maji ya kostiki, yale magadi makali yanayounguza mkono, unakoroga bila kuacha mpaka iwe nzito kama uji. Ukiacha mapema, mafuta yanapanda juu na kazi imekufa. Sasa nyie mnamwacha mtu akoroge? Hodi! Nami nimefundwa: mgeni akija, mwanamke anaacha kazi, anavua glavu, anapiga goti. Habari za nyumbani, za mikorosho, za shangazi mgonjwa wa Newala. Nikirudi kwenye ndoo, mafuta yanaelea. Wiki hii hivyo, wiki ijayo hivyo. Nazi zinaisha, na mtoto anajikuna mpaka anatoka damu.

Mkasema ni pepo wa hasara. Mkaja kumkemea, tena siku ambayo nakoroga! Mkapiga hodi, nikaacha mwiko nikawapokea. Mkaomba, mkanywa chai, mkaaga kwa kirefu, na ndoo nzima ikaharibika. Mungu anisamehe, nilitamani kuwamwagia.

Nikaingia chumbani nikalia, Bwana nipe nguvu. Nilidhani atanipa ya mkono. Kumbe ya mdomo.

Jumamosi moja niko uani nakoroga, nikasikia sauti ya mama mkwe, ametoka shamba na mihogo kichwani. Huyo kwa salamu ndiye kiboko. Mke wa shemeji yangu aliwahi kumwamkia amesimama, mpaka leo anasemwa. Magoti yangu yalitaka kukunjika yenyewe. Lakini Esta alikuwa pembeni anajikuna.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nikiacha hii, Esta hana cha kuogea. Leo sipigi goti."

Akatua mihogo. Akanitazama, akamtazama mjukuu wake. Nikajua ndoa imeishia hapo. Akachukua glavu nyingine pale kwenye kamba, akavaa.

"Lete huo mwiko, umechoka," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Tukapokezana mpaka ikawa nzito. Ikaganda, ikakaa wiki zake za kukomaa. Esta yule pale, kavaa gauni la mikono mifupi. Mtazameni mikono.

Asante Yesu! Nawe uliyebanwa, mwamini Mungu, mwambie, kisha mwambie na mtu. Na mkija kwangu mkanikuta nakoroga, msikemee pepo. Vaeni glavu, shikeni mwiko, salamu tutapeana sabuni ikishaingia kwenye trei ya kugandishia.