Duarte Seixas, Mgeni Aliyeozeshwa Valea Mierlei

Haya ni maisha ya Duarte Manuel Seixas. Yamekusanywa na dada yake Graça, aliyesafiri siku mbili kutoka Ureno ili awe nasi leo Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, pamoja na shemeji wa marehemu, Gavrilă Dunca, ambaye ndiye anayesoma. Majirani kadhaa wameuliza kwa nini mtu wa mbali hivyo anazikwa kwetu. Wanaombwa wasikilize mpaka mwisho, kwa sababu jibu ni zito na familia ya Dunca imechoka kulibeba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1970 mjini Covilhã, mji wa viwanda vya sufu kule milimani, mtoto wa pili wa mzee Abílio, fundi wa kutia nyuzi rangi, na Mama Celeste, mfumaji. Graça anasema kaka yake hakujua kuogopa nyumba ya mtu. Akiwa na miaka sita alipotea mchana kutwa, akapatikana mtaa wa tatu, mezani kwa watu wasiomjua, anakula supu. Mama Celeste alimkokota kwa sikio huku akisema, "Mtoto gani huyu, kila mlango ana mama!"

Alisoma shule ya msingi hapohapo Covilhã, kisha chuo cha ufundi wa rangi, akamaliza mwaka 1989. Darasani alikuwa wa katikati, ila ramani zote za ukutani alizijua kwa moyo.

Alifanya kazi na baba yake kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa, mwanzoni mwa mwaka 1993. Badala ya kukaa kuhesabu dari, alinunua tikiti ya vijana ya kupanda treni mwezi mzima, akatia mgongoni mkoba, blanketi na makopo ya dagaa. Hoteli hakuziweza. Alilala kwa watu. Aliyemlaza leo alimwandikia kwenye kikaratasi jina la ndugu yake wa mji wa mbele, naye akaenda kubisha hodi huko. Fadhila alizilipa kwa mikono: hapa amepaka mlango rangi, pale amemenya viazi. Ndivyo alivyofika kijijini kwetu, Valea Mierlei, tarehe 22 Julai 1993, ameshika kikaratasi cha kinyozi mmoja wa Hungaria chenye jina la Mama Docia Dunca.

Aliyemfungulia lango ni Rafila, binti wa nyumba hii, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa msimu wa kukata nyasi.

"Kufyeka unajua?" Rafila alimuuliza.

"Najua sana," akajibu, naye hajawahi kushika fyekeo.

Dakika kumi hazikupita, akajikata buti. Rafila alicheka mpaka akakaa chini. "Mgeni, nyasi ni hizo za kijani. Hiyo nyeusi ni buti yako!" Kwa siku tano walifanya kazi bega kwa bega, wakala ugali na jibini kwenye sinia moja, na hakuna aliyewaona wakikaribiana zaidi ya hapo. Tarehe 27 radi ilimpiga Rafila juu ya lundo la nyasi, jua likiwa bado linawaka upande wa pili wa bonde.

Sasa tunafika kwenye ndoa ya marehemu. Wenyeji hawahitaji kuelezwa. Haya yanasemwa kwa ajili ya Graça. Kwetu msichana akifa hajaolewa, siku ya maziko huvalishwa taji la maua na kuozeshwa kijana asiye na mke, ili asiondoke na kiu. Vijana watatu wa kijiji waliombwa, na wote watatu walikataa. Waliogopa kifo cha ghafla namna ile. Walisema msichana hajajua kama amekufa.

Ndipo Mama Docia alipomwambia mwanawe Gavrilă, "Yule mgeni je? Yule ana miguu ya kuondoka."

Gavrilă alimweleza Duarte yote, bila kumficha kwamba ni harusi. Duarte akasema, "Nimekula kwenu siku tano. Saa moja ya kusimama siwezi kuwanyima." Alivaa shati la hayati mume wa Mama Docia, akatiwa pete, akasimama kando ya jeneza ameshika mshumaa. Kaburi lilikuwa halijafunikwa Gavrilă alipompandisha kwenye gari la farasi, akamkimbiza stesheni.

Jioni ya kesho yake Duarte alishuka Slovakia, kwa bibi mmoja jina lake Ružena. Bibi alimkaribisha, kisha akachungulia nyuma yake.

"Mwenzio mbona amebaki mlangoni? Mwambie aingie, kuna mvua."

"Niko peke yangu, bibi."

"Haya, mmegombana. Yasiwe makubwa, mwanangu, umri wenu bado mdogo."

Akaandaa vikombe viwili. Graça anayo kadi ambayo kaka yake alimwandikia kuhusu jambo hilo akilicheka. Kadi iliyofuata, kutoka Poland, haina kicheko: mwenye nyumba alimwekea mito miwili na kumsifu mkewe kwa ukimya wake. Kwa miaka ishirini na sita, kila majira ya kiangazi, Duarte alisafiri vivyo hivyo, mkoba mgongoni, nyumba hadi nyumba, na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyemwandalia sehemu ya mtu mmoja. Mbwa waliinuka kumpisha, kisha wakasubiri kidogo kabla ya kulala tena. Alisema hakuogopa. Alisema alichoka kuulizwa jina la mkewe.

Miezi mingine alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, na Covilhã nzima inajua hakuacha alama ya brashi. Mwaka 2001 alimpata Filipa Moura, mwalimu wa watoto wadogo, wakapendana kwelikweli, wakakaa pamoja. Mwaka wa nne Filipa alimwambia, "Duarte, mimi sigombani na mwanamke nisiyemwona. Lakini huyu anakunja nguo zangu. Na anazikunja vizuri kuliko mimi." Alimwonyesha: mikono imeingizwa ndani, mshipi umezungushwa juu. Hivyo ndivyo wanawake wa Valea Mierlei wanavyokunja nguo.

Walikuja wote wawili hapa mwezi Juni 2005. Duarte alipiga magoti jikoni kwa Mama Docia. "Mama, nataka kuoa. Nifungueni."

Mama Docia alikuwa akipakua. Aliweka sahani tatu mbele ya wageni wawili. "Kufunga tunajua," akasema. "Kufungua hatujui."

Filipa aliitazama ile sahani ya tatu, hakula. Kesho yake alipanda basi peke yake, huku akilia, na Duarte hakumzuia. Alisema mtu anayempenda hawezi kumkaribisha kwenye nyumba iliyojaa. Hawakuonana tena, ingawa waliandikiana hadi mwaka huu, na shada la maua meupe lililo juu ya jeneza ni lake.

Saratani ya mapafu iligundulika Februari 2023. Alitibiwa kwao mpaka madaktari wakamwambia apumzike. Tarehe 14 Septemba mwaka huu alibisha hodi langoni kwetu, amekonda, na mkoba uleule mgongoni. Hakuja kuomba dawa. Alikuja kumwambia Mama Docia kwamba hataki kufa akiwa wawili.

Hapo Gavrilă, ambaye kwa miaka thelathini na moja alikuwa amefunga mdomo, alimwambia ukweli kitandani, na leo anausema mbele yenu. Kufungua tunajua. Bwana harusi wa maiti huachiwa siku ileile: huligeuzia kaburi kisogo, mama wa bibi harusi humwambia mara tatu, "Wetu tumemchukua, wewe nenda zako," na pete hutupwa kaburini. Kwa Duarte hayo hayakufanywa, na hayakufanywa makusudi. Mama Docia aliogopa Rafila atarudi kulia nyumbani. Aliona afadhali amfuate mtu mwenye safari ndefu. Gavrilă alijua, na ndiyo sababu alimkimbiza mgeni stesheni. Mtu aliyekula kwetu siku tano tulimtwisha mzigo wetu maisha yake yote.

Duarte alisikiliza, akatazama upande wa dirisha ambako hakukuwa na mtu. "Maskini," akasema. "Na yeye kumbe hakuambiwa."

Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Mama Docia, ambaye sasa ana miaka tisini na moja, alikuwa amemshika mkono. Jana alimwita Gavrilă akamwambia, "Na arudi. Akilia, alie. Ni mtoto wangu."

Marehemu ameacha dada yake Graça, wapwa wawili, shemeji yake Gavrilă, Mama Docia, na Filipa Moura, ambaye familia hii inamwomba msamaha kwa jina. Kwa Duarte mwenyewe tumechelewa kuomba, lakini tunaomba.

Jeneza limegeuzwa, kisogo kielekee kaburi la Rafila kule juu. Pete imevuliwa, iko mkononi mwa Mama Docia. Karatasi hii ikikunjwa, atasema yale maneno mara tatu. Familia inawaomba mliosimama kwenye njia ya langoni msogee pande zote mbili, mshike watoto, na msigeuke kutazama. Mpisheni binti arudi kwa mama yake.

Nawe Duarte, lala salama, na ulale peke yako.