Kura ya Delmer Haskew ya Saa Nne na Nusu

Mchungaji Lyle, wafiwa, majirani wa Corley Fork, na nyinyi waheshimiwa mliokaa benchi mbili za mbele, familia imemtuma Verna Haskew, dada wa marehemu, huyu anayesema nanyi, awasomee maisha ya kaka yake, na kwa kuwa Verna aliishia darasa la saba mtamvumilia pale atakapokwama, ila pale atakapopandisha sauti msidhani amekwama.

Delmer Roy Haskew alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Februari 1922 hapa Corley Fork, wilaya ya Tansey, mtoto wa kwanza wa Asa na Nettie Haskew, akafuatiwa na Verna, na wa tatu hakupatikana, kwa sababu tarehe 11 Oktoba 1937 mama yao alishikwa na uchungu wa huyo wa tatu, hospitali ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mlima, maili sitini na moja, na mama akafia njiani nyuma ya lori la nyasi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Delmer, aliyekuwa na miaka kumi na mitano.

Alisoma shule ya hapa hapa tangu 1928 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1936, akamsaidia baba shambani, akaingia jeshini mwaka 1942 kama mpishi, akarudi mwaka 1945 bila nishani yoyote, ila na namna ya kupika maharage ambayo mke wake baadaye alimkataza kuyaleta jikoni kwake. Kuanzia Machi 1946 alikuwa dereva wa lori la maziwa, akipita kila zizi la wilaya hii kukusanya madebe, kazi aliyoifanya miaka thelathini, na hakuna mlango wa Tansey ambao mbwa wake hakumjua.

Tarehe 14 Juni 1947 alifunga ndoa na Lorene Gatlin katika kanisa hili hili la Mount Gilead, wakajaliwa Wendell, aliyezaliwa nyumbani mwaka 1949, na Patsy, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1953 katika hospitali yetu ya wilaya, mtoto aliyekuja ametanguliza miguu, na daktari akamtoa mzima. Hospitali hiyo ilijengwa na watu walioko humu kanisani, na Delmer alibeba matofali kila Jumamosi mwaka mzima, mpaka ilipofunguliwa tarehe 1 Septemba 1952 ikiwa na vitanda ishirini na viwili, na ilipofunguliwa alikwenda makaburini akamwambia mama yetu.

Mwaka 1976 aliposikia watu wa mji mkuu wanasema vihospitali vya milimani vifungwe, aliliacha lori, akagombea Baraza la Wawakilishi la jimbo, na tarehe 2 Novemba mkampa kiti, mkamrudisha mara tano baada ya hapo, na huu ulikuwa muhula wake wa sita. Katika muhula huu chama chake kilipata viti hamsini na kimoja, kile kingine hamsini, basi wakubwa wa chama wakaanza kumhesabu Delmer kama mtu anavyohesabu meno yaliyobaki kinywani.

Hapa historia hii inapaswa kukiri kosa la marehemu, kwa maana tuko nyumbani mwa Bwana. Katika Baraza kila meza ina vitufe viwili, cha kijani ni ndiyo, chekundu ni siyo, na ukutani kuna ubao wa taa wenye jina la kila mmoja, na ni desturi yao, ingawa kanuni inakataza, kwamba mjumbe akitoka kunywa kahawa jirani yake humbonyezea. Jirani ya Delmer kwa miaka kumi alikuwa Mheshimiwa Royce Tidmore, yule pale, mtu wa magoti mabovu, na Krismasi ya mwaka 1979 Delmer alimchongea fimbo nyembamba ya mti wa hikori, ili akifikie kitufe cha Delmer bila kuinuka. Delmer alilisimulia jambo hili mezani kama mzaha, akisema, "Jana nimepiga kura tatu nikiwa kwa kinyozi, na zote nimeshinda," na Verna alicheka mpaka akaomba maji. Mungu atusamehe kicheko hicho.

Jumapili tarehe 5 Aprili mwaka huu wa 1987, baada ya ibada, alibanwa na kifua, Dakta Furman Oakes akamlaza hospitali yetu, akataka kumpeleka ng'ambo ya mlima, Delmer akakataa, akasema, "Furman, matofali haya nimeyabeba mimi, niache nilale ndani yake." Muswada wa kuifunga hospitali hiyo, ulioletwa na chama chake mwenyewe, ulikuwa upigiwe kura Jumatano, na Jumanne jioni, Verna akiwa kitini kando ya kitanda, alimpigia simu Royce, akamwambia, "Nisipofika, chukua ile fimbo unibonyezee nyekundu. Nyekundu, Royce. Usije ukasinzia mzee wangu." Royce akajibu kwa sauti iliyosikika hadi kwenye kiti, "Nyekundu, Delmer, wewe lala."

Kaka yetu alifariki Jumatano tarehe 8 Aprili, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, na saa hiyo imeandikwa na daktari kwa wino.

Saa moja asubuhi simu ililia nyumbani. Alikuwa Mheshimiwa Clayborn Pruitt, kiongozi wa chama barazani, ambaye naye yuko benchi ya mbele, akasema, "Dada Verna, poleni sana. Ninakuomba moja tu, msitangaze redioni mpaka saa sita mchana, sisi wenzake tumpe heshima yake kwanza." Verna akakubali, akampokonya Lorene simu alipotaka kuwapigia watu wa redio, akamwambia Mchungaji asigonge kengele, kwa sababu aliona fahari kwamba mkubwa kama yule amemwita dada. Fahari hiyo ndiyo dhambi yake, na ameileta hapa mbele ya jeneza kwa sababu hana pengine pa kuiweka.

Saa nne na nusu asubuhi hiyo, yaani muda wa saa nne na dakika kumi tangu daktari amfunike uso, taa ya Delmer Haskew iliwaka kijani, muswada ukapita kwa hamsini na moja dhidi ya hamsini. Redio ya mchana ilisoma kwanza kwamba Haskew wa Tansey ameunga mkono kufungwa kwa hospitali, kisha ikasoma kwamba amefariki, hivyo watu wake walisikia amewauza kabla hawajasikia amekufa, na wapo walioona la pili ni malipo ya la kwanza. Wendell alikuta mayai yamerushwa mlangoni kwa baba yake, akayaosha kabla mama yake hajatoka.

Jana, watu walipokuja kumtazama marehemu, Royce alimvuta Verna pembeni akilia, akasema, "Clayborn alinisimamia begani, Verna. Akasema Delmer hawezi kujua. Si ndivyo tulivyofanya miaka yote?" Verna akamjibu, "Mlifanya akiwa kwa kinyozi, Royce. Hakuwa amefunikwa shuka." Royce akaiacha ile fimbo mikononi mwa Verna, akaondoka. Tangu hapo Verna hajalala, na anakiri jambo lingine, kwamba kama Royce angebonyeza nyekundu kama alivyoahidi, huenda leo yeye Verna asingesema neno, angechukua uongo ule na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Hasira ya familia hii basi si safi, lakini ni ya kweli.

Karani wa Baraza amemweleza Verna kwamba kumbukumbu hurekebishwa kwa namna moja, mjumbe aliyefanya kosa asimame mahali pake aseme kwa kinywa chake, kabla kikao hakijafungwa, na kikao kinafungwa Jumanne tarehe 14, saa sita mchana, baada ya hapo kitabu kinafungwa na kaka yetu anabaki ndani yake akisema ndiyo milele. Verna amesema lake leo mbele yenu wote, na Jumatatu atalisema redioni. Linalobaki ni la Royce.

Familia inamshukuru Dakta Oakes na wauguzi Iva na Maxine, waliomhudumia usiku na mchana, na ambao Alhamisi walipokea barua kwamba milango yao inafungwa tarehe 30 Juni. Inawashukuru majirani waliokamua ng'ombe wetu, na waliotujazia meza nyama ya paja na mikate ya mahindi, na hata yule aliyerusha mayai, kwa maana alirudi jana na keki, tukamwelewa. Inawashukuru wenzake wa barazani kwa shada lao lenye utepe wa dhahabu, ambalo tumeliacha nje kwenye ngazi. Mheshimiwa Pruitt asitafute maneno ya rambirambi, tulishayapokea kwa simu.

Fimbo ya hikori haitazikwa naye. Iko kwenye benchi, Royce, karibu na kofia yako, uichukue ukitoka, uiegemee magoti yakikusumbua Jumanne utakaposimama.

Delmer, kaka yangu, maneno ambayo watu huambiwa mwishoni hayajaandikwa kwenye karatasi hii. Nitakuja kukuambia mwenyewe makaburini Jumanne mchana, kama wewe ulivyokwenda kumwambia mama.