Mtunza Stoo Aliyeisumbua Benki kwa Ajili ya Shilingi Moja

Leo, tarehe 30 Juni 2001, Mzee Chediel Ntandu anakabidhi funguo za stoo ya Kiwanda cha Mafuta Kindai baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba. Aliajiriwa mwaka 1974 kama kibarua wa kubeba magunia, akawa msaidizi wa stoo, kisha mtunza stoo, kazi aliyoishika mpaka asubuhi ya leo. Katika muda wote huo hakuna gunia la alizeti lililopotea mikononi mwake. Kilichopotea ni shilingi moja, nayo haikuwa ya kiwanda.

Wasifu wa mtu mwingine ungeanza na vyeti. Huu wa kwetu lazima uanze na kishika uchumba. Mwaka 1968 kijana Chediel alikwenda Ikungi kumposa Bi. Damari. Alipeleka shilingi ishirini, zote sarafu, maana alikuwa amezipata mojamoja kwa kuuza kuku. Shangazi wa binti, Bi. Yasinta, ambaye leo tunaye hapa mstari wa mbele, alizimwaga kwenye ungo, akachagua moja yenye picha ya mwenge, akaiwekea msumari kwenye mpini wa ule mwenge na kuigonga mpaka ikabonyea. Kisha akamrudishia kijana na kumwambia, "Hii ndiyo hati yako ya ndoa. Siku nikiiulizia ukaikosa, namchukua mtoto wetu narudi naye nyumbani." Watu wote walicheka. Chediel hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshamjua shangazi.

Kwa miaka ishirini shilingi ile ilikaa kwenye mfuko wa shati lake. Kila baada ya mavuno Shangazi Yasinta alikuja mjini, akaiulizia, akaipapasa kwa kidole gumba, akairudisha na kuomba chai. Ndoa ikaendelea vizuri, na watoto wakapatikana, wa kwanza akiwa Eliana.

Mwaka 1988 lori la kiwanda lilikuwa linatoka Itigi na alizeti likapasukiwa tairi pale Mkiwa. Njaa haina adabu. Mzee Chediel, aliyekuwa amelisindikiza, alinunua mahindi ya kuchoma, akachota sarafu mfukoni bila kutazama, akalipa, akala akiwa amesimama. Walipofika Ikungi akapapasa mfuko. Dereva wetu wa wakati huo, Bwana Gasto, anasema hajapata kumwona mtu mzima mwenye familia akiruka kutoka kwenye lori linalotembea. Waligeuza wakarudi Mkiwa, lakini mama wa mahindi alikuwa ameshaitoa ile shilingi kama chenji kwa abiria wa basi lililokuwa likielekea Singida Mjini. Mzee Chediel alirudi nyumbani, akamwamkua mkewe kama kawaida, na habari ya shilingi akaificha.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Shilingi imeingia mjini, na shilingi za mjini mwisho wake ni benki. Basi mwisho wa mwezi akaenda benki, enzi hizo ikiwa moja tu, akaomba mshahara wake wote kwa sarafu. Alizichambua juu ya mkeka Jumamosi na Jumapili, Jumatatu akazirudisha zote ndani ya gunia la alizeti na kuomba nyingine. Mke alipouliza, aliambiwa kwamba hayo ni mapenzi ya sarafu za kale, jambo ambalo wataalamu wa nje hulifanya.

Hapo benki ndipo lilipoanza balaa la Bi. Anifa, keshia, ambaye naye tumemwalika leo ili apate kuamini kwa macho yake kwamba mtu huyu anastaafu. Utaratibu ulitaka kila sarafu inayorudi ihesabiwe mbele ya mteja. Foleni ya Jumatatu ikafika mlangoni, wafugaji waliouza ng'ombe Jumapili wakisubiri huku jua likipanda. Sarafu zenyewe zilikuwa zimelowa mafuta ya alizeti kutokana na lile gunia, zikawa zinamteleza mama wa watu na kuviringika chini ya meza. Siku moja alishindwa kuvumilia. "Shikamoo Baba Eliana," alisema, kwa maana adabu haikumtoka hata kwenye hasira. "Hela umeichukua Ijumaa, leo umeirudisha. Kwani imekukosea nini?" Mzee Chediel aliitikia marahaba, akajibu kwamba haijamkosea kitu, ila tu siyo yenyewe. Wiki iliyofuata, kwa kujirekebisha, aliziosha kwa sabuni ya mche akazianika uani kama dagaa. Zilifika benki zinang'aa kiasi kwamba meneja alishuku zimetengenezwa mtaani, na zikahesabiwa mara mbili.

Mji nao ulimjua. Wiki ambazo sarafu nyingi zilikuwa juu ya mkeka wa Mzee Chediel, maduka yalikosa chenji na wateja wakapewa pipi. Watoto wa Singida wa miaka ile wana deni kwake, na pengine daktari wa meno pia.

Sisi wa stoo tulijua siri yake, kwa kuwa kulikuwa na siku alitukabidhi gunia zima tumsaidie kuchambua wakati wa chai. Tuliokota humo vifungo vya makoti, washa za nati za baiskeli, hata medali ya Bikira Maria. Tuliokota pia senti za mkoloni zenye tundu, na hizo alizitundika kwenye misumari ukutani, akaongeza za mbuni, za sungura, na shilingi tano za kila umbo. Alianza kwa woga, akaendelea kwa mapenzi ya kweli. Walikuja wageni kutoka Arusha wakitaka kununua ule ukuta, akawakatalia na kuwapa soda. Ila ile shilingi ya msumari haikuonekana.

Kila mwaka msimu wa Shangazi ulipokaribia, Mzee Chediel aliomba safari ya kikazi. Kwenda Manyoni kukagua magunia matupu, alijitolea. Kulala Itigi kusubiri alizeti ambayo haijavunwa, alijitolea. Uongozi haukujua lolote, na Mei Mosi ya mwaka 1993 ukamzawadia redio kwa moyo wake wa kujituma.

Kisha yakaja mageuzi. Shilingi moja ilipungua nguvu mpaka watoto wakaichezea bao, na ikasemwa kwamba benki inazikusanya kuzipeleka Dar es Salaam zikayeyushwe. Tulimwona Mzee Chediel akikonda. Kila gunia lililokuwa linaandaliwa kusafirishwa alibembeleza alipitie kwanza, na Bi. Anifa, Mungu ambariki, alimruhusu alinunue na kulirudisha. Mjini ikafunguliwa benki ya pili. Wengine walizungumzia soko huria kwa mashaka, lakini yeye alishukuru kupata pa kutolea na pa kurudishia. Benki mpya ilimkaribisha kwa kiti na chai. Mwezi wa pili chai ilikoma, wa tatu kiti kikaondolewa.

Kiwanda chetu nacho kikauzwa. Mwekezaji alipoambiwa kwamba mtunza stoo wake anapeleka magunia benki kila Jumatatu, alileta mkaguzi kutoka Dodoma. Kwa wiki mbili kijana yule alimfuata Mzee Chediel kwa siri, siri ambayo ilimfanya anunuliwe chakula na mtuhumiwa kila mchana. Taarifa aliyoitoa ilikuwa fupi. Alisema hajaona mwizi anayepeleka benki hela iliyotoka benki, na kwamba mtu wa namna hii apewe funguo zote. Wenzetu wengi walipunguzwa mwaka ule, na tuliwasindikiza kwa machozi. Mzee Chediel alibaki.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwake, yeye akiwa kazini, kumwomba Bi. Damari tarehe za kuandika wasifu huu. Nilikwenda na wasiwasi wangu mwenyewe, kwa maana Shangazi Yasinta alikuwa ameshatuma salamu kwamba atakuja kwenye sherehe, na kwamba safari hii hakuna cha Manyoni wala Itigi, ataiona shilingi yake mbele za watu. Nikataka kumwandaa mama kwa upole. Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Alinieleza kwamba shilingi ile aliipata sokoni siku chache tu baada ya Mkiwa, aliponunua vitunguu na kurudishiwa chenji. Aliitambua kwa kidole kabla ya jicho. Akaenda nyumbani mbio, amejiandaa kumsomea mumewe mashtaka. Ilikuwa Jumamosi jioni. Tusiwafiche watoto, miaka ile Jumamosi jioni Mzee Chediel hakupatikana nyumbani, alipatikana kilabuni, na mshahara ulirudi ukiwa umepungua. Jumamosi hiyo alimkuta amekaa kwenye mkeka, hajanywa, amezungukwa na sarafu na watoto wote wakimsaidia. Bi. Damari alisimama mlangoni akatazama. Halafu akafunga ile shilingi kwenye fundo la kanga, na mdomo akaufunga.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo shilingi imesomesha watoto wanne. Ningeitoaje?"

Kwa hiyo, Mzee Chediel, siri iliyokukondesha ilijulikana na watu wote, na mkeo ndiye aliyeanza kuijua. Samahani kwa kukusomea haya hadharani. Mama ameruhusu.

Uongozi na wafanyakazi wote tunakushukuru kwa stoo isiyovuja, kwa ucheshi wako wakati wa chai, na kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kukitafuta kitu miaka kumi na mitatu bila kumchukia yeyote. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wenye vidole vyepesi vya kuchambua. Bi. Anifa naye anakutakia heri, na anaomba ukiendelea na sarafu zako uanze na ile benki nyingine.

Sasa inuka taratibu, uende mstari wa mbele umwamkie Shangazi, maana kidole gumba chake kiko tayari. Bi. Damari amekaa pembeni yake na ameshaanza kufungua fundo. Pokea shilingi yako, Mzee Chediel. Hii moja usiirudishe benki.