Wasifu wa Mwalimu Kona, Aliyeigombania Timu ya Shule

Mwalimu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi redio na mkunga, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana. Baba yake alikuwa na kawaida ya kupima redio aliyoitengeneza kwa matangazo ya mpira. Kama siku hiyo hapakuwa na mpira, mteja aliambiwa arudi siku ya mechi. Kwa hiyo marehemu alizijua nafasi zote za uwanjani kabla hajajua kusoma. Dada yake mkubwa anasimulia kwamba jioni moja mama yao alitoka kazini akamkuta amepanga vijiko na vikombe sakafuni, anafoka.

"Unamgombeza nani wewe?"

"Kijiko. Namwambia arudi nyuma akabe, hasikii!"

Hasira zile alizaliwa nazo, na hazikumtoka.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1980 hadi 1983. Huko wasichana walikuwa na netiboli na kwaya, basi. Alipoomba mpira wa miguu, matroni alimjibu kwamba msichana akikimbia namna ile ataumia. Akauliza, "Mbona tukichelewa kengele mnatukimbiza wenyewe?" Swali hilo lilimfanya afagie bwalo hadi mwisho wa muhula. Mwaka 1988 alihitimu chuo cha ualimu, masomo ya jiografia na hisabati, na Januari iliyofuata aliripoti katika shule ya sekondari ambayo hakuiacha mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Timu ya wasichana aliianzisha mwaka 1996. Kiwanja kilikuwa na mteremko, kiasi kwamba timu iliyopata upande wa juu ilijiona imeshafunga bao moja. Nyasi zilikuwa pembeni tu, katikati ni vumbi, na siku za mvua ni tope. Marehemu hakukaa benchi. Alisimama kwenye kibendera cha kona, akidai kwamba ukiwa pale unaona wavivu wote kwa mpigo mmoja, na wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Kona. Jina likamganda hata barua za ofisi zikawa zinamfikia kwa jina hilo.

Magoli ndiyo yaliyomletea mume. Alikwenda kwa seremala mmoja karibu na kituo cha mabasi, akamwagiza miti sita na vipimo vyake. Seremala akaangalia, akakuna kichwa.

"Mwalimu, haya ni magoli au milango ya ghala?"

"Wewe tengeneza. Kipa wangu mrefu."

Seremala alipokuja kuyasimika, alibaki kutazama mazoezi hadi giza likaingia, na wiki iliyofuata akaja tena bila msumari wala nyundo. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, kwa kuwa yeye hakupenda maneno ya kupaka mafuta. Miaka yake ya mwisho ya kazi ilikuwa miaka ya kukasirika.

Mwaka 2012 klabu kubwa ilifungua akademi ya wasichana upande wa pili wa reli. Kule nyasi zilimwagiliwa, mazoezi yalikuwa kila siku, na kocha alikuwa amesomea kazi yake. Kulikuwa na sharti moja tu. Msichana akisaini klabu, asicheze tena timu ya shule. Kila Mwalimu Kona alipomtoa mtoto kwenye kujua kukimbia tu hadi kujua mpira, mtoto alivuka reli. Alianza golikipa, wakafuata mawinga, kisha mshambuliaji ambaye mwalimu alikuwa amemfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto kwa muda wa mwaka mzima. Siku moja alivuka reli yeye mwenyewe, akaingia ofisini kwa kocha wa klabu bila kubisha hodi.

"Nirudishie watoto wangu, japo siku za mechi tu."

Kocha alimpa kiti. Alikuwa kijana mstaarabu, na hilo lilimuudhi zaidi. "Mwalimu, nakuheshimu. Ila msichana akienda kubutua shuleni Jumamosi, mimi namfundisha upya wiki nzima. Na kile kiwanja chenu kitamvunja mguu."

Marehemu alirudi nyumbani anatembea kwa kishindo. Kilichomuuma ni kwamba jamaa hakusema uongo. Timu yake ilifanya mazoezi siku mbili kwa wiki, nusu ya wachezaji wakitokea kwenye adhabu, na kiwanja wanagawana na wavulana wa kurusha mkuki. Mpira wa shule ulikuwa wa butua nikubutue, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Walimu wenzake wakimtania, alijibu, "Ni mbovu. Nani kakwambia ni mzuri? Lakini kule wanachukua anayejua. Asiyejua akajulie wapi?" Hakuna aliyejishughulisha kutafuta jibu.

Mwaka 2017 akasaini binti yake mwenyewe. Alimwambia mama jikoni, akiwa amesimama karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kukimbia.

"Mama, kule nikitoa pasi, kuna mtu wa kuipokea."

Mume wa marehemu anakumbuka kwamba mkewe aliosha sufuria moja mara mbili, akaenda kulala.

Hata hivyo hakuacha kupigania ruhusa. Hakuna kikao cha kamati ya michezo alichokikosa, na wajumbe walianza kuguna wakimwona tu anavuta kiti. Mwisho, mwaka 2019, klabu ikalegeza kamba. Timu ya shule ilikuwa imefika fainali, ikashangaza kila mtu, na wasichana wanne wa akademi wakaruhusiwa kuichezea, binti yake akiwa mmoja wao. Walifika na viatu vipya vya njumu, wakaanza kupasha misuli. Shule nzima ikashangilia.

Akawaweka benchi.

Walioanza ni wale waliokuwa wamecheza tangu mechi ya kwanza. Beki wa kulia alikuwa msichana waliyemwita Treni, kwa sababu akishaanza kukimbia hakuweza kukata kona. Treni hakuwahi kukosa mazoezi, na hakuna klabu iliyowahi kumtupia jicho. Bao la pili walilofungwa lilikuwa lake kabisa. Alimpita mshambuliaji, akaupita na mpira, akasimama karibu na mashabiki. Uwanja ukacheka. Wakati wa mapumziko walikuwa wamelala mbili bila, na mkuu wa shule akaja kwenye kibendera cha kona, tai imempinda.

"Mwalimu, miaka yote unalia urudishiwe watoto. Wamerudishwa, umewakalisha wanakula machungwa!"

"Aliyekuja mazoezini ndiye anayeanza."

"Tunafungwa!"

"Naona, mkuu. Macho ninayo."

Kipindi cha pili aliwaingiza wote wanne, na Treni akatoka. Mpira ukatulia. Pasi zikaanza kufika miguuni, watu wakanyamaza kama wako darasani. Binti yake akafunga la kwanza, akampa mwenzake la pili. Marehemu alisema baadaye kwamba timu ya shule haikuwahi kucheza vizuri vile tangu aianzishe, na kwamba hakufaidi hata kidogo, kwa sababu kila akigeuka alimwona Treni kwenye benchi anapiga makofi huku machozi yanamtoka. Wakapoteza kwa penalti.

Njiani kurudi nyumbani binti aliropoka yaliyomjaa.

"Ungetuanzisha tungeshinda."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu Treni alikuja kila Jumanne."

"Huo siyo mpira, Mama. Hiyo ni huruma."

Wazazi walimlaumu marehemu, mkuu wa shule alimnunia, na binti akahamia hosteli ya klabu. Kwa muda mrefu alimwamkia mama yake kama anavyoamkiwa mwalimu wa zamu. Mwaka uliofuata klabu ikafunga mlango tena, ikisema wasichana wao walirudi na vifundo vimevimba. Tangu hapo mwenye kipaji hakufika hata kwenye majaribio ya timu ya shule. Walifungwa sana. Marehemu aliendelea kusimama kwenye kona yake, akifoka hadi sauti inakauka, akirudi nyumbani na kusema, "Hivi napigana na nani?"

Februari 2023, katikati ya mazoezi, alianguka. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na karibu maneno yake yote. Kati ya machache yaliyobaki, lililokuwa na nguvu ni "Rudi!", lile alilokuwa akiwapigia mabeki. Akalitumia kwa kila kitu. Alitaka maji, "Rudi!" Muuguzi akiondoka na sahani kabla hajamaliza, "Rudi!" Wodi nzima ilimzoea.

Binti yake, aliyekuwa sasa kiungo wa timu ya wakubwa ya klabu, alirudi nyumbani kumuuguza. Hawakuombana msamaha. Walitazama mpira pamoja, na pasi ikipotea mama alipiga ubavu wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Kocha wa klabu naye alikuja kumjulia hali, akakaa, akakohoa kidogo.

"Mwalimu, huyu kiungo wangu sikumfundisha kupokea mpira. Alikuja kwangu anajua."

Marehemu akageukia ukutani. Kocha akainuka, akidhani amechoka.

"Hajachoka," binti akasema. "Anakuuliza mbona hukuyasema hayo mbele ya kamati."

Tangu siku hiyo binti alianza kuifundisha timu ya shule siku zake za mapumziko, ingawa klabu ilimwonya. Tarehe 4 Juni 2024, Jumanne, alipita kwanza hospitalini, ambako mama yake alikuwa amelazwa tena, akiwa amevaa jezi ya mazoezi.

"Wanabutua tu, Mama. Naongea, hawasikii. Leo nimechoka, nakaa na wewe."

"Rudi," marehemu akasema, na mkono wa kushoto ukamwonyesha mlango.

Akaenda. Mama yake alifariki saa kumi na moja jioni, wasichana wakiwa bado uwanjani.

Ameacha mume, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, binti, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, dada yake mkubwa na wadogo zake wawili. Ameacha pia timu ya shule, ambayo inacheza Jumamosi ijayo saa tisa alasiri. Familia inawaomba mnaoweza mje msimame pembeni ya uwanja, kwa maana msimu uliopita hakuja mzazi hata mmoja.

Mwalimu wetu apumzike, na amani aliyoikosa uwanjani Mungu amjalie huko aliko.