Ngumi ya Mboje

Hivi nyie hamna kazi? Mtu amekaa anachambua maharage yake, mnamjia: "Bibi, tusimulie ya Baltazari na ngumi." Baltazari mwenyewe si yupo? Si mkamuulize? Haya, sogeeni, ila nikimaliza kila mmoja atachambua sado nzima.

Pale mtaa wa Mazwi, mbele ya banda la Baltazari fundi baiskeli, kuna benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Hapo ndipo wanaume hukaa asubuhi, baridi ikiwatafuna masikio, wakinywa kahawa ya Lazaro Birika. Baltazari, wenyewe wanamwita Spoku, alikuwa na kisukari, na kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, mwezi wa pili hakifungi. Kliniki walimwambia wazi: ugali usizidi ngumi, mboga zijaze nusu sahani. Sukari isiposhuka, kidole kinakatwa. Asubuhi hiyo ninayowasimulia, kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa, na tangu alfajiri alikuwa anakichungulia hicho kidole kama mtu anayeaga msafiri.

— Spoku, unakula ugali wa nini? aliuliza Modesti. Huyu wanamwita Profesa, kwa kuwa aliwahi kufagia maabara ya shule.

— Wa ulezi.

— Basi umepona! Sukari nyeupe, ulezi mweusi. Sukari itajificha wapi humo?

— Wapi! alidakia Lazaro, birika mkononi. Ubaya ni ule ugali wa moto. Ukipoa, sukari inakufa kwa baridi. Na baridi huku Ufipa tunapewa bure.

— Sasa sikilizeni sayansi, alisema Profesa. Ukila umesimama, wanga wote unashuka miguuni. Damu haiuoni.

— Miguuni si ndiko kwenye kidonda? aliuliza Lazaro.

— Basi ale amelala!

Baltazari alicheka kwa dharau. Yeye alikuwa na yake.

— Mimi sibahatishi, jamani. Mimi napima kwa ngumi. Mboje, hebu waoneshe.

Mboje ni mfugaji, amekuja na ng'ombe zake kutoka huko kwao Usukumani. Mtu mpole, lakini mkono! Alipotua ngumi benchini, vikombe viliruka.

— Mama yangu! alisema Lazaro. Hiyo ngumi au kabichi?

— Nesi alisema ngumi, alijibu Baltazari. Hakutaja ya nani.

Sasa sikieni alivyofanya huyu mtu mzima. Kwa wiki tatu sasa, kila jioni, alikuwa anamchukua Mboje hadi kwake mtaa wa Izia. Mkewe, Coleta, aliambiwa kwamba nesi ameagiza ngumi ya mwanaume wa shoka. Mboje anaweka ngumi kwenye sahani, Coleta anafinyanga ugali mpaka ulingane nayo. Na kwa kuwa Mboje ni mgeni, naye analishwa.

— Na mboga? aliuliza Lazaro.

— Mboga napima kwa ngumi yangu.

— Na hiyo kashata unayotafuna?

— Kashata ni karanga, Lazaro. Karanga si mboga? Sisi nyumbani tunaungia kisamvu.

— Hapo nakuunga mkono, alisema Profesa, akachukua yake.

Wakiwa katika hayo, akatokea dada mmoja anakokota baiskeli yenye pancha.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, waliitika.

Baltazari aliinua macho, akaificha kashata mfukoni. Ni Precious, nesi wa kliniki.

— Baba, kidonda kinaendeleaje? Ugali unapima?

Alitaka kubadili maneno, ila Profesa alishamtangulia.

— Anapima, nesi, tena kwa uaminifu! Ngumi yenyewe hii hapa.

Precious aliitazama ngumi ya Mboje. Akamtazama Baltazari, mkono mwembamba umeshika kikombe.

— Sasa mgonjwa ni nani, wewe au yeye?

Profesa alifungua mdomo, akaujaza kashata. Lazaro alichungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Mboje aliitoa ngumi yake benchini taratibu, kama mtu aliyeegesha gari pabaya. Na Baltazari, fundi wa miaka thelathini, akashika gurudumu lisilotoboka akaanza kulitafutia pancha.

Kesho yake mashine ya sukari ilisoma ishirini na mbili, na haikutakiwa kupita kumi. Coleta alikuwepo, akaulizwa vipimo vya ugali, akaeleza yote hadi jina la mwenye ngumi. Aliongeza mboga, akapunguza ugali, lakini kidonda hakikumsubiri.

Mboje alikwenda kumwona hospitali, akakaa saa nzima mikono mfukoni kwa aibu. Ya nini? Mkono wake haukudaiwa na mtu. Madaktari walichukua kidole kidogo cha mguu wa kushoto wa Baltazari, basi.