Mama Filimbi Ashuka Mlimani

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Idara yetu ya Jiolojia itamuaga mhadhiri aliyeitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu lenye vyeo mbele yake. Kwa wanafunzi, wahudumu wa kantini na mabawabu wa getini yeye ni Mama Filimbi tu, kwa sababu ya filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni mwake kila alipopeleka watu milimani.

Alianza kazi akiwa msaidizi wa maabara, akikata mawe vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini, akapanda ngazi hadi kuwa mhadhiri mwandamizi. Somo lake lilikuwa miamba geu, ile iliyozikwa chini sana, ikapikwa na kubanwa bila kuyeyuka, hadi ikawa mwamba mwingine kabisa. Ramani yake ya mteremko wa mashariki ndiyo iliyowafanya wahandisi wahamishe barabara mapema, kabla mlima haujaporomoka. Mawe yaliyojaa kwenye kabati za korido yetu, yale tunayojigonga nayo magoti, mengi aliyabeba yeye mgongoni.

Lakini tusidanganyane: Mama Filimbi ni mtu wa wasiwasi. Wiki ya safari ya mafunzo, hata chai yake iliachwa ipoe. Alikagua viatu vya wanafunzi soli kwa soli. Alimuuliza dereva habari za breki mara nyingi mno, hadi dereva wetu, mtu mpole asiyejua kukasirika, akamjibu, "Mama, breki zenyewe zinakusalimia." Tukacheka. Yeye pia akacheka, kisha akauliza tena.

Wenzetu walioajiriwa karibuni hawajui wasiwasi huo ulizidi lini. Ulizidi siku ya ukungu.

Siku hiyo darasa lilikuwa juu kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo mwamba una mistari myeupe na myeusi iliyokunjwa kama shuka, na ulanga, madini ya vipande vyembamba kama vioo, unang'aa kila upande. Asubuhi anga lilikuwa safi. Baadaye wingu likaanza kupanda kutoka bondeni. Mama Filimbi aliliona, akashika filimbi, akawatazama wanafunzi. Walikuwa wamepiga magoti kwenye mwamba, wamepata chembe nyekundu za madini ya ganeti, wanaitana kwa furaha. Akawaongezea dakika chache.

Dakika hizo zilitosha. Ukungu ukafunika kila kitu, mwamba ukalowa, na kijana mmoja tuliyekuwa tukimwita Mrefu akateleza kwenye bapa la jiwe. Hatukumwona akianguka. Tulisikia nyundo yake ikigonga mawe, chini, chini zaidi, kisha kimya.

Mama Filimbi aliteremka kumfuata kwa makalio, akipapasa mawe kwa mikono. Alimkuta amenasa kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, mguu umepinda vibaya.

"Mama, usinifiche," kijana alisema. "Mguu upo?"

"Upo, mwanangu. Unauma?"

"Unauma sana!"

"Basi upo."

Mwandishi wa maneno haya, wakati huo msaidizi wake, alitumwa kushuka pamoja na wanafunzi wawili kutafuta walinzi wa msitu. Tuliacha darasa limeketi mgongo kwa mgongo, limeshikana mikono. Tulipokuwa tukishuka bila kuona hata miguu yetu wenyewe, tulisikia filimbi juu yetu. Ililia, ikanyamaza, ikalia. Kila iliponyamaza, nasi tulisimama. Tuliporudi na walinzi na machela, sauti hiyo ndiyo iliyotuongoza, kwani kuona hatukuona kitu. Tulimkuta amemfunika kijana koti lake, midomo imepasuka inatoka damu, na bado anapuliza.

Mrefu alipelekwa hospitali. Mfupa wa mguu uliunganishwa, akapona akiwa na kachechemeo kadogo. Aliyeshindwa kupona upesi ni mwalimu wake. Alimwambia mkuu wa idara kwamba hatapeleka tena mtoto wa mtu mlimani. Atabaki maabara na hadubini zake. Mlango ukigongwa, alishtuka. Simu ikilia, aliitazama kana kwamba ni nyoka.

Muhula ulipokaribia kwisha, mama yake Mrefu alikuja ofisini, fundi cherehani, uzi bado umening'inia kwenye gauni lake. Mama Filimbi alisimama kumpokea, akashindwa hata kumkaribisha kiti. Alidhani amekuja kudai haki ya mwanawe.

"Mwalimu, sikuja kugombana," yule mama alisema. "Mtoto hali vizuri, halali. Anasema ameacha chuo, kwamba ile milima haiwezi tena. Nimekuja kukuuliza: mwakani utampeleka wewe, au nimpeleke mimi nisiyejua jiwe hili na lile?"

Mama Filimbi alijibu kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe anaogopa.

"Vizuri," yule mama akasema. "Basi mtaogopa wote wawili. Peke yake amechoka."

Mwaka uliofuata walikwenda, nasi tukafuatana nao. Njia nzima ndani ya basi hakuna aliyeimba. Tulipofika kwenye lile bapa la jiwe, jua likiwaka na mwamba ukiwa mkavu, Mrefu alisimama kama aliyepigiliwa misumari.

"Mama, siwezi."

"Hata mimi siwezi. Tukae, tuone nani ataanza kuweza."

Wakakaa pale pale. Darasa likasubiri. Baada ya muda kijana alinyoosha mkono akagusa mwamba, akaanza kuusoma kwa sauti: hapa palikuwa tope la chini ya bahari, likazikwa, likapikwa, hizi nyekundu ni ganeti, mkunjo huu ulikuja baadaye. Mahali pamoja alikosea, Mama Filimbi akamsahihisha papo hapo, bila huruma, kama alivyofanya kwa kila mwanafunzi. Hapo kijana akacheka. Wakainuka, wakavuka wameshikana mikono, na hatukujua nani alikuwa akimshika mwenzake. Leo Mrefu anapima miamba ya migodini, na huwapigia kelele wafanyakazi wake kuhusu viatu.

Tangu siku ile Mama Filimbi hakukosa safari hata moja, na hakuna safari aliyokwenda bila hofu. Tunaliandika hili kwa heshima, maana tumefanya kazi na mashujaa wengi wa mdomoni. Yeye aliogopa kila mara, na kila mara alifunga kamba za viatu akaenda.

Mwaka huu goti halikumruhusu kupanda. Alibaki chini kwenye basi pamoja na dereva, nasi tukapandisha darasa. Ndipo tulipoonja alichokuwa akikibeba. Kila wingu lilitukata maini. Kila jiwe lililobiringika lilikuwa mtoto wa mtu. Tulishuka jioni, wanafunzi wote wazima, mifuko imejaa mawe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, akatupitisha mmoja mmoja kwa kutugusa bega, hakuuliza habari za mwamba wowote. Basi lilipoanza kuondoka akaegemeza kichwa dirishani, na kabla hatujafika barabara ya lami alikuwa amelala fofofo, anakoroma. Kwa miaka yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akisinzia kwenye basi hilo. Dereva alipunguza mwendo. Darasa zima likanong'ona hadi mjini.

Mwalimu wetu, dada yetu, asante kwa kila mtoto uliyemrudisha kwao. Hofu hiyo tuachie sisi sasa, tutaibeba kwa zamu. Uwe na afya, uwe na wajukuu wa kukusumbua, na maisha yako ya mbele yawe mema na yenye usingizi mtamu.