Kila Mmoja Aliongeza Chake

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili, nje ya chumba cha kinyozi. Mlangoni kinyozi aliandika kwa rangi mwenyewe: KINYOZI NA STUDIO. Alianza kwa herufi kubwa za kujiamini, nafasi ikamwishia njiani, na neno la mwisho likabidi lijipinde kwenye fremu kama mtu anayepita dirishani. Tangu siku hiyo kijiwe kilisahau jina lake, akawa Studio. Kompyuta yake ilikaa juu ya meza ya kunyolea, kati ya mashine na kopo la poda, na feni yake ililia kama kinu cha kusaga. Mama Birika aliwamiminia kahawa watu walewale kila alasiri, na watu walewale walimfundisha Studio kutengeneza muziki. Hakuna kati yao aliyewahi kumaliza wimbo hata mmoja. Studio naye hakuwahi, kwa hiyo waliheshimiana.

Wimbo wa safari hii lakini ulikuwa na mwenyewe. Mke wa Studio huimba akifua nguo za mtoto, na mtu akiingia hunyamaza kama aliyefumaniwa. Studio alimbembeleza mpaka akaona aibu ya kubembeleza. Mwishowe mkewe alikubali kuimba mara moja tu, mlango umefungwa, uso umeelekea ukutani, mtoto amelala mgongoni. Alipomaliza, alitoa sharti.

"Mama anakuja kesho kutwa kumwona mtoto. Yeye ndiye asikie kwanza. Akisema ni mimi, nitaimba tena. Akisema si mimi, hiyo maiki yako itundike msumarini, tutaanikia taulo."

Asikie kwanza. Studio alilielewa neno hilo vizuri kabisa. Ila alijiambia kwamba kijiwe si watu wa kuhesabiwa. Kijiwe ni majaribio. Basi siku iliyofuata, mgeni akiwa anangojewa kesho yake, aliitoa spika mlangoni, akaketi ndani mbele ya kioo cha kompyuta, mgongo kwa benchi, akabonyeza.

— Mimi besi siisikii, akasema Besi.

Besi ni mpakia mizigo sokoni, na muziki huupima kwa tumbo. Ngoma ya wimbo huo alikuwa ameipiga yeye, juu ya pipa tupu, kabla mwimbaji hajapatikana.

— Ipo, Besi.

— Ipo wapi? Mimi hapa tumbo limetulia kabisa. Besi ya kweli mtu anashikilia kahawa yake isimwagike.

Studio akaipandisha ngoma. Pale pale Mzee Kanda akaweka kikombe chini. Enzi zake aliuza kanda za kaseti, na gitaa la wimbo alilipiga yeye, likiwa na upungufu wa waya mmoja.

— Sasa mmenizamisha.

— Hujazama, mzee wangu.

— Nimezama, mjukuu wangu. Naisikia mikono yangu ikiomba msaada.

Studio akalipandisha gitaa.

— Haya, na bomba langu? akauliza Injinia, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye aligonga bomba la chuma wimbo mzima bila kupumzika. Au mimi nilikuja kutalii?

Likapanda bomba. Mama Birika alikohoa tu, na Studio akapandisha vile vikombe vyake alivyovigonganisha, maana usipompandisha mwenye birika utakunywa nini. Vikombe vilipopanda, Besi akasema tumbo limetulia tena. Wakazunguka hivyo mpaka kila kitu kimefika juu, na juu ya kioo taa nyekundu zikawaka mstari mzima.

— Hizo nyekundu ni nini? akauliza Besi.

— Ni dalili wimbo umekolea, akasema Injinia.

Studio alikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu nyekundu. Aliwahi kusikia mahali kwamba si nzuri. Lakini Injinia anavaa miwani ya kuchomelea kichwani hata wakati hachomelei, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumbishia.

— Mbona unakwaruza? Mama Birika akauliza.

— Ni waya, akasema Injinia. Tazama ule waya wa spika, umejikunja pale kwenye mguu wa meza. Sauti ikipita kwenye kona inachubuka. Waya unyooshwe kama kamba ya kuanikia.

— Acha zako! akasema Mzee Kanda. Shida ni usafi. Kanda ilikuwa na vumbi, na lile vumbi ndilo lililoshika sauti isiteleze. Kompyuta haina vumbi. Sauti inakanyaga, inateleza, inaanguka.

— Ya Studio ina vumbi na nywele juu, akasema Besi.

— Nywele hazishiki sauti, kijana. Ungekuwa na nywele ungejua.

Wakacheka. Besi akapapasa upara wake, akasubiri wamalize, kisha akatoa la kwake.

— Mimi nawaambia besi inavuja. Inashuka kwenye miguu ya meza inaingia ardhini. Ndiyo maana asubuhi nikipita hapa nyayo zinatetemeka. Wekeni gunia la mchanga chini ya meza.

— Hapo sasa umesema, Injinia akaunga mkono, na sauti yake ikawa ya mtu anayesaini mkataba. Tena lile gunia liloweshwe. Na kompyuta igeuzwe isitazame mlango, maana nusu ya wimbo inatoka kabla hatujaisikia. Jana nilikuwa kule kwenye kona nikaisikia ikinipita.

— Ikienda wapi? akauliza Mama Birika.

— Sikuiuliza.

Ndani, Studio alikuwa ameinuka kweli, anaipima meza kwa macho, anafikiria mchanga ataupata kwa nani. Ndivyo alivyokuwa. Mtu akimwambia jambo kuhusu muziki kwa sauti nzito, miguu yake huanza kutii kabla kichwa hakijapata habari.

Wakati huo mwanamke mmoja mtu mzima alifika na begi na mwavuli, akaomba kukaa kidogo, miguu imemchosha. Wakamsogezea nafasi, Mama Birika akammiminia.

— Shikamoo, mama, akasema Besi. Umefika wakati mzuri. Sisi hapa tumeshapendelea, kila mtu na chake. Wewe mgeni huna upande. Hebu sikiliza huu wimbo, useme kinachopungua ni nini.

— Mimi mambo hayo siyajui, baba.

— Ndiyo maana tunakutaka wewe. Studio, tupia!

Studio, bado mgongo kwa benchi, akabonyeza. Pipa likanguruma, bomba likalia, gitaa likaomba msaada, vikombe vikavunjika vunjika hewani. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kimetulia mkononi. Kisha akauliza:

— Huyo anayeimba anasema nini?

Besi akageukia spika.

— Anayeimba, akasema Besi. Aa. Huyo ni mambo ya mapenzi.

— Mapenzi? Injinia akashangaa. Mimi nilidhani maisha. Si anasema maisha ni magumu?

— Enzi zetu, akaanza Mzee Kanda, lakini enzi zake hazikuwa na jibu, akanywa kahawa.

Macho yote yakaenda mlangoni. Studio alikuwa amegeuka baada ya kuisikia sauti ya mgeni.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Nilipata gari leo, nikaona nisingoje kesho. Nilikuwa nauliza njia ya kwenu. Akamtazama vizuri. Huyo anayeimba ni binti yangu, siyo? Anasema nini?

Studio akakitazama kioo cha kompyuta. Sauti ya mkewe alikuwa ameisikiliza mpaka masikio yakachemka. Alikuwa amefuta kikohozi kimoja. Alikuwa amelainisha kila "s" iliyopiga mluzi. Alijua wapi mkewe alivuta pumzi, na wapi mkanda wa mbeleko ulisugua maiki. Mkewe alipokuwa anaimba, macho ya Studio yote yalikuwa kwenye mshale wa kioo, usije ukagusa nyekundu. Maneno? Maneno hakuwahi kuyasikia.

— Mpandishe yeye basi! akanong'ona Injinia.

Studio akampandisha, akabonyeza tena. Hapakuwa na pa kupanda. Spika ikatoa mlio wa kitambaa kinachochanwa, ikarudi kulekule.

Kando ya kila mstari kwenye kioo kuna kitufe kidogo cha kunyamazisha. Studio alikijua tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kukibonyeza. Aliona ni kukosa adabu. Kila mstari ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe amekaa benchini, jirani yake, mteja wake. Mkewe pekee ndiye asiyekuwa na mtu wa kumsemea hapo kwenye ubao.

Akambonyeza Besi.

— Oya! Tumbo!

Akambonyeza Injinia.

— Bomba ni nguzo ya wimbo, bwana! Ukiling'oa paa linakuja chini!

Akabonyeza vikombe, bila kumtazama Mama Birika. Akafika kwenye gitaa, kidole kikasita.

— Bonyeza tu, mjukuu wangu, akasema Mzee Kanda. Hata hivyo waya mmoja haukuwepo.

Taa nyekundu zikazimika. Ikabaki sauti moja ndogo, na nyuma yake pumzi ya mtoto aliyelala, ambayo Studio alipanga kuifuta kesho asubuhi.

Lala mwanangu, baba yuko mlangoni,
ameshika kitasa, ameshika kitasa.
Lala mwanangu, amekumbuka neno,
amerudi kijiweni, atakuja sasa.

Besi ndiye aliyeanza, akajaribu kucheka na mdomo umefungwa, kahawa ikampalia. Kisha benchi zima likalipuka, tairi moja likasogea, Injinia akabaki ameng'ang'ania ubao. Studio alisikia masikio yakiwaka moto. Muda wote huo alikuwa akiusafisha wimbo wa kumsema yeye, akizilainisha "s" zake.

Mama mkwe hakucheka. Aliinamisha kichwa, akangoja mstari wa mwisho uishe.

— Ndiye, akasema. Hiyo sauti ndiyo yake. Na huyo baba wa kijiweni ni wewe?

— Ni mimi, mama.

— Basi chukua begi.

Mama Birika akainamisha birika, likatoa tone moja na mashapo, naye akaanza kukusanya vikombe. Studio akabeba begi na kutangulia. Nyuma yao kijiwe kilikuwa kimeshaanza upya.

— Wimbo mzuri, akasema Injinia. Lakini hapo mwanzoni pangekaa bomba. Moja tu. Dogo.

Nyumba haikuwa mbali. Walipofika, ndani mtu alikuwa anafua huku anaimba, polepole, na mama mkwe akamgusa Studio mkono wasiingie kwa kishindo. Studio akashika kitasa.

Hapo ndipo akakumbuka. Hakuhifadhi! Alinyamazisha mistari yote, akaondoka, na hakuhifadhi kitu. Kompyuta ipo wazi, chumba kipo wazi, na Injinia hivi sasa atakuwa amekaa kwenye kile kiti, miwani kichwani, anatafuta kidude cha kupandishia bomba. Miguu ya Studio ikaanza kugeuka yenyewe.

— Kuna nini? akanong'ona mama mkwe.

Ndani, wimbo ulikuwa umefika kwenye kitasa.

— Hakuna neno, mama, akasema Studio, akafungua mlango.